Sipigi Magoti kwa Toroli Moja la Udongo

Ipuli,
Tabora.
7 Aprili, 1954

Mpwa wangu mpendwa Josepha,

Mwangaluka, mwanangu. Nakuamkia kwa Kinyamwezi kwa sababu najua huko Tanga wanakuamkia kwa kila lugha isipokuwa hiyo. Shikamoo yako imefika, nami naiitikia marahaba kubwa ya kujaza behewa. U hali gani? Mumeo hajambo? Na mjukuu wangu, meno yameota? Kama bado, mpe mfupa wa mbuzi autafune. Mimi kwa mfupa huo nilitoa meno manne siku moja, muulize mama yako.

Sisi huku tu wazima. Mvua ya mwaka huu imenyesha hadi vyura wa Ipuli wakatafuta pa kujikinga. Mama yako kule Igalula mguu umepona, juzi alikuja kwa treni na kikapu cha karanga, akashinda hapa akinigombeza tangu kuketi hadi kuondoka. Mkaza mjomba wako Katarina anakusalimu sana. Binti yangu Tekla naye hajambo, na habari zake ndizo zitakazojaza karatasi hii.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilikasirika. Ya tatu nilimsomea Katarina, akasema nikujibu vizuri kwa kuwa umeandika kwa mapenzi. Basi nakujibu vizuri: sipigi magoti. Unasema magoti hayamwumizi mtu, nipige mbele ya kanisa Jumapili tatu, nikiri kwamba nilichukua udongo wa makaburi kwa uchawi, niurudishe ulikotoka, Tekla apate kuolewa kanisani na mambo yaishe. Josepha, aliyekupasha hayo alikupa nusu ya habari, tena nusu iliyooza. Nyingine hii hapa.

Unajua mimi ndiye mkubwa wa kitalu cha miche ya serikali. Karatasi yao inasema kibarua, lakini karatasi haijawahi kupanda mti. Mwaka jana zililetwa mbegu za misindano, ile miti ya kizungu yenye majani kama sindano za kushonea magunia. Nikazisia kwa mkono huu. Zikaota zote, hata zile zilizoanguka njiani, hata moja iliyoingia katika kiatu cha Mabruki, kibarua mwenzangu. Lakini zilipofika urefu wa kidole zikasimama. Zikawa manjano, kisha zambarau kama mtu aliyelala na njaa. Miche elfu mbili, na hakuna hata mmoja uliokuwa na haya ya kukua.

Bwana Miti, mzungu wetu mpya, akasema hatumwagilii. Tukamwagilia. Akasema tunazidisha maji. Tukapunguza. Akasema jua, tukaezeka. Akasema kivuli, tukaezua. Mwisho akasema kama mvua zitakwisha miche ikiwa bado manjano, ataing'oa yote, na sisi wawili atatung'oa pamoja nayo, mimi na Mabruki.

Sasa nikuambie jambo ambalo Bwana Miti hakulijua, maana lilitokea kabla hajafika. Mwenzake aliyehamishwa alikuwa ameagiza sanduku la udongo kutoka milima ya Usambara, huko jirani na kwenu. Likaja kwa treni, limepigiliwa misumari kama lina dhahabu, na mwenyewe alikuwa keshaondoka. Hakuna aliyebaki wa kutuambia la nini. Amri ya kitalu ni moja: udongo wowote unaoingia hukaangwa kwanza juu ya bati, ili wafe mchwa na mbegu za magugu. Nami kwa kukaanga udongo hakuna anishindaye tangu Kigoma mpaka Dodoma. Niliukaanga hadi ukanukia kama kahawa. Tukautia matutani. Miche ikazidi kuwa manjano.

Nilipomsimulia Katarina hayo alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini.

"Damas," akasema, "mmekaanga mbegu, halafu mnangoja iote."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwuliza maana yake, kwa sauti ndogo, ili majirani wasinisikie nikiuliza.

Wewe umekula uyoga wa Katarina, sina haja ya kuusifu. Hakuna mwanamke wa hapa anayemshinda porini. Yeye hatafuti uyoga, anatafuta mti. Akiona mtundu, ule mti wa miombo yetu, anajua uyoga gani utatoka chini yake na mvua ya ngapi. Aliniambia kwamba uyoga tunaouona ni mtoto aliyetoka nje kutazama mvua. Mama mtu yuko chini, ni nyuzi nyeupe nyembamba zilizojishika na mizizi, na haachani na mti wake. Ndiyo sababu upande wa Usoke, walikofyeka miti yote kwa mashamba ya tumbaku, uyoga ule mkubwa haujaonekana tena, ingawa mvua inanyesha ile ile. Sisi tulikuwa tumekaanga nyuzi.

Basi mimi nikaona nimeshajua yote. Nikaenda kuchukua udongo wa chini ya mtundu, udongo wa kwetu, mweusi, unaonukia. Nikamwambia Mabruki kwamba udongo wa Unyamwezi uliwalisha wapagazi wa misafara yote ya pwani na bara, hauwezi kushindwa na vijiti vya Ulaya. Nikaujaza matutani. Haukufanya kitu. Miche ikautazama kama mgeni anavyotazama ugali wa nyumba asiyoiamini.

Katarina akacheka, kisha akaniambia neno lililobaki. Kila mti na uyoga wake. Miti ya kigeni ina uyoga wa kigeni, na huo yeye ameuona mahali pamoja tu: chini ya misindano saba mikubwa iliyomo makaburini mwa misheni, ile waliyoipanda mapadri wa kale enzi za Mjerumani. Kila Desemba hutoka uyoga wa rangi ya kahawia, wenye ute mgongoni, ambao hakuna mwanamke anayeugusa kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuula. Misindano ile imestawi, na uyoga wake uko miguuni pake. Ya kwenu, akasema, ni yatima.

Desemba hiyo hiyo nikaenda. Na hapa nataka usome polepole, umsomee na mumeo. Nilikwenda saa saba mchana, jua la utosi, na toroli la serikali ambalo gurudumu lake linalia kama punda aliyekanyagwa. Mchawi gani huyo anayekwenda makaburini kwa kelele namna hiyo? Mabruki alikaa nje ya ua akisema yeye ni Mwislamu, wafu wetu wasije wakamfanya Mkristo kwa nguvu. Mimi nikaingia. Kaburi sikuligusa hata moja. Nilikwangua chini ya misindano tu, ukutani, vidole viwili kwenda chini, na udongo ulikuwa umefumwa nyuzi nyeupe hivi kwamba ukiinua bonge linakuja zima kama mkeka. Toroli moja. Nilipokuwa natoka, Mwalimu Tobias, katekista wetu, akapita kwa baiskeli. Nikamsalimu. Akaitikia. Hakuuliza kitu.

Tukautia kiganja kimoja kila mche, bila kuukaanga. Bati nililitupa upande wa pili wa ua, lisije likanishawishi.

Josepha, hukuwepo. Mwezi wa kwanza haukuonyesha kitu. Mwezi wa pili ile rangi ya njaa ikaanza kufutika, kutoka chini kwenda juu. Kufika Machi miche ilikuwa kijani hivi kwamba ukipita katikati na shati jeupe, unarudi nyumbani wanakuuliza umeshona wapi shati jipya. Ndege walikuwa wanakuja kutazama, wanaondoka wamevunjika moyo kwa uzuri. Niling'oa mmoja nikatazama mizizi yake: ile iliyokuwa mitupu kama mkia wa panya sasa ilikuwa imevaa soksi nyeupe, na nyuzi zimetoka kwenda huku na huku mchangani, mbali kuliko mzizi wenyewe ungeweza kufika.

Nimefikiri sana juu ya nyuzi zile, na mtu wa darasa la pili akifikiri hufika mbali kwa kuwa habebi vitabu. Zile ni wapagazi. Zinakwenda ambako mwenye msafara hawezi kwenda, zinachota maji na chumvi ya ardhi, zinarudi na mzigo, na mti nao unazipa posho kutoka juani. Hakuna anayemla mwenzake. Na mpagazi hambebei mtu asiyemjua, ndiyo maana wa mtundu walikataa kazi ya msindano. Watu wa Tabora tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili.

Bwana Miti ameandika ripoti kwamba ni kivuli alichoagiza ndicho kilichoponya. Mwache aandike. Kazi yangu na ya Mabruki imebaki.

Lakini Ipuli kukaanza minong'ono. Kwamba miche iliyokuwa imekufa imefufuka, na kwamba Damas alionekana akitoka makaburini na toroli. Mwalimu Tobias ndipo akakumbuka kuuliza alichokuwa hakuuliza. Wakasema eti nina misukule inayonimwagilia bustani. Ningekuwa na misukule, Josepha, ningekuwa nabeba makeni ya maji mwenyewe hadi bega likashuka? Udongo wa kaburi kwetu ni jambo zito, sikatai. Hata mimi nisingemwamini mtu aliyeubeba, kama asingekuwa mimi.

Jumapili ya tatu ya Kwaresima wazee wa kanisa wakatuita baada ya misa, katika darasa la shule ya misheni. Wakatoa hukumu kabla hatujaketi vizuri. Nirudishe udongo wote, ndiyo kusema ning'oe miche elfu mbili niikung'ute. Nipige magoti Jumapili tatu. La sivyo, ndoa ya Tekla na Marko haitatangazwa, maana baba wa bibi arusi ni mtu wa mambo ya giza. Na ndoa isiyotangazwa haifungwi, hilo unalijua. Tekla alikuwa ameketi nyuma. Hakulia. Alikuwa amelia wiki iliyopita, siku moja, na kesho yake akaja kitaluni kupalilia nami bila kusema neno, na neno lile ambalo hakulisema nilikuwa nalo kifuani nikiwa mbele ya wazee.

Tena alikuwepo mama yake Marko, Bi Eustadia, aliyekuja kwa treni kutoka Usoke. Alikuwa amesikia habari, na kila mtu alijua amekuja kuvunja uchumba.

Ndipo Mwalimu Tobias akaniuliza nani alinifundisha.

Hapo, mpwa wangu, tulia. Ningeweza kusema ukweli mara moja. Lakini wewe ni mkunga, umeona mengi, unajua. Mwanamume akiitwa mchawi huku huchekwa, hutengwa, hununiwa. Mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, macho yake mekundu kwa moshi wa kukausha uyoga, akiitwa hivyo, hakuna anayejua kesho yake. Unaikumbuka ile nyumba ya njia ya Igalula iliyochomwa ikabaki nguzo. Yule bibi alikuwa hana kosa hata la kumsengenya mtu.

Basi nikasema hakunifundisha mtu, isipokuwa babu yangu Kasonda, mpagazi. Nikawaambia kwamba misindano ile saba aliileta yeye kutoka Bagamoyo, kichwani, kila mche ndani ya kopo na udongo wake, kabla reli haijazaliwa. Kwamba njiani maji yalipokwisha aliinywesha miche yeye akalamba jasho lake. Kwamba simba aliufuata msafara siku tatu kwa harufu ya udongo ule, babu akamgeukia akamwambia, mzigo huu ni wa mapadri, naye simba akarudi akitubu. Kwa hiyo udongo ule haukuwa wa makaburi, ulikuwa mzigo wa babu yangu, na makaburi yakaja baadaye kuuzunguka. Nilisema vizuri. Wazee wawili walikuwa wameanza kumhurumia simba. Wewe unajua babu alibeba pembe na nguo, habari ya miti sina hakika nayo. Lakini mtu fulani aliileta, na hakuna miti inayotembea.

Nikaona nimewaweza. Ndipo Katarina akasimama katika benchi la wanawake.

"Wazee wangu," akasema, "mume wangu ni mwongo. Anayefundisha nyumba ile mambo ya uyoga ni mimi."

Nikamfanyia ishara aketi. Hakunitazama.

Mwalimu Tobias akamwuliza, taratibu, kama anajua neno alilolisema ni neno gani. Akasema analijua. Akaenda mbele na kikapu chake, akatoa vitu viwili akaviweka juu ya meza ya mwalimu: mche wa msindano na mizizi yake, na chipukizi la mtundu alilolichimba porini na mizizi yake. Yote miwili imevaa nyeupe.

"Huu wa mtundu ndio mama wa uyoga unaokula kwangu kila Krismasi, mwalimu. Umekula miaka kumi na minne na hujawahi kuniuliza umetoka gizani au mchana."

Mwalimu akasema uyoga wa porini si udongo wa wafu, na akamwuliza kama yuko tayari naye kupiga magoti.

"Nitapiga," akasema Katarina, "siku kanisa lote litakapokiri dhambi ya kula uyoga."

Hakuna aliyecheka, Josepha. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na miguu yangu ilikuwa tayari kumvusha hadi nje kwa mabavu ikibidi. Ndipo akainuka Bi Eustadia, mkwe wangu mtarajiwa, mwanamke mrefu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe. Akaja mezani. Akauchukua mche wa mtundu, akaunusa mizizi, akavunja kipande akakitafuna mbele ya wote. Akatema.

"Huu ni uyoga," akasema. "Kwetu Usoke tumeukosa miaka mitatu, na hamkutuambia kwamba ni kwa sababu ya miti." Halafu akamgeukia Mwalimu Tobias. "Nilikuja kumchukua mwanangu. Sasa nakwambia, mkikataa kuwatangaza hapa, padre wa kwetu atawatangaza. Na nitaeleza kila kituo cha treni ni kwa nini."

Wazee walitoka nje wakanong'ona muda wa kupika maharage. Waliporudi walikuwa na hukumu mpya, imeshonwa viraka. Tekla hana kosa, atatangazwa. Miche ibaki, maana ni ya serikali nao hawataki barua kutoka boma. Lakini mimi na Katarina tumezuiwa sakramenti, na tusikanyage ndani ya kanisa, hata siku ya arusi ya mtoto wetu, mpaka tutakapopiga magoti. Wakatazamana kama watu waliofunga mlango na ufunguo wanao.

Tangazo la kwanza limesomwa Jumapili iliyopita. Nilikuwa nje, nikalisikia kupitia dirishani, na jina la binti yangu lilisomwa vizuri. Arusi ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka.

Sasa umeelewa unachoniomba. Nikipiga magoti, nitakuwa nimesema kwamba alichokijua Katarina ni uchawi, na nimeliandika hilo kwenye kipaji cha uso wake kwa mkono wangu. Watu wangetusamehe siku hiyo, na siku ya kwanza atakapougua mtoto wa jirani wangekumbuka. Niite mbishi, niite mjinga wa darasa la pili. Mbele ya Mungu napiga magoti kila asubuhi kando ya kitanda, anaujua udongo ule kuliko wazee wote, aliuumba yeye. Mbele ya Tobias magoti yangu hayakunjiki.

Tulishauriana na Tekla. Aliniuliza kama nitakaa nyumbani siku ile. Nikamwambia hukumu inasema nisiingie ndani, haikusema nisisimame. Basi mimi nitasimama upande wa kulia wa mlango wa kanisa, nimevaa koti langu la kijivu. Nilidhani nitasimama peke yangu, Katarina akasema upande wa kushoto ni wake. Mlango ule ni mmoja na ni mwembamba. Bibi arusi atapita katikati yetu, na bwana arusi, na wazee wote wa kanisa, na Mwalimu Tobias na kitabu chake, kwenda na kurudi, na kila mmoja itambidi atusalimie au ainamishe kichwa.

Njoo, Josepha. Usije kunishauri, njoo usimame nasi.

Msalimu mumeo, na jirani yako Mama Amne aliyenitumia nazi. Mbusu mtoto utosini. Jirani zetu Bernardo na Batuli wanakusalimu, na mama yako pia, na Mabruki anasema ukija ulete samaki, asije akafia mikononi mwa Wanyamwezi kwa mchicha tu. Mungu akutie nguvu mikononi, kila unayempokea duniani alie kwa sauti.

Ni mimi akupendaye na asiyepinda,
Mjomba wako,
Damas Kasonda.